Mzazi Anakuja Ijumaa

Watu wa kisiwani kwetu wakitaka kumcheka mdogo wangu Ridhiwani walimwita Mama Nasra. Wala hawakumwita kichochoroni. Walimwita palepale bandarini, mchana kweupe, wanaume wamejaa, yeye anashuka kwenye mtumbwi anatoka mikokoni na shoka begani. "Mama Nasra!" Na Ridhiwani, badala ya kununa au kurusha ngumi, aliitika "Abee!" kama mwanamke aliyefunzwa adabu, akapita zake kwenda kuoga. Mwanamume huitika "naam", hilo hata mtoto anayeanza chuo cha Kurani analijua. Sasa mtu umemtania, naye kaitika, unabaki na nini mdomoni? Walibaki wakicheka wenyewe kwa wenyewe, na kicheko chenyewe hakina chumvi.

Mimi dada yake nilikuwa siwezi kunyamaza. Siku moja nilimwambia Huseni, aliyekuwa kinara wao, kwamba mkewe angeshukuru sana kama na yeye angekuwa mama wa mtu walau kwa wiki moja, maana ubaba wake wenyewe hatujauona. Watu waliangua kicheko, safari hii cha kweli. Ridhiwani akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Dada Zuhra, wewe hunitetei, unanizidishia maadui," akasema. "Waache, watachoka."

Usisikie hivyo ukadhani ni mtu wa kusukumwa na upepo. Ridhiwani alikuwa akitoka mikokoni na boriti ya msinzi begani peke yake, tope limemfika magotini, boriti ambayo wengine huibeba wawili na bado wanaguna. Mwaka ule boti ilipopinduka mkondoni yeye ndiye aliyerudi majini mara ya pili wakati wenzake wameshakaa ukingoni wanamtaja Mungu. Hilo walilisahau upesi. Kilichowakaa kichwani ni kwamba anajua kusuka nywele.

Chanzo cha yote ni bibi yetu, Bibi Tatu, aliyekuwa mkunga. Mjukuu wa kike nilikuwa mimi, na kazi ile nilitakiwa niirithi mimi. Lakini damu nilikuwa naiogopa, na kukaa na kuni za moto nilikuwa sitaki, nikipewa beseni nalitua nakimbia. Aliyebaki ni Ridhiwani. Alikaa nje ya ukuta wa makuti akichochea moto na kuchemsha maji, huku akimsikia bibi akitoa maelekezo ndani. Bibi alipozeeka miguu ikamvimba, Ridhiwani ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, na bibi akimwongoza kwa maneno: hapa taratibu, hapa bonyeza, hapa usiguse. Wazee walimwambia anamharibu mtoto wa kiume. Bibi Tatu alikuwa na jibu moja tu. Kwetu mkono wa kulia tunauita wa kuume, na wa kushoto tunauita wa kike. "Mungu kampa kila mtu mkono wa kuume na mkono wa kike," alikuwa akisema, "anayetumia mmoja tu ni kilema, hata akitembea wima." Kisha akamrudishia Ridhiwani miguu aikande.

Nasra mwenyewe alizaliwa dago, kwenye kambi ya wakata mikoko. Mke wa Ridhiwani, Mwantumu, alimfuata kule kumpikia kwa siku chache, mimba bado haijafikia kuzaa, wakadhani muda upo. Uchungu ukamkuta huko, maji yamekupwa, mitumbwi yote imekaa kwenye tope, na hakuna mwanamke mwingine hata wa dawa. Wanaume wenzake walihamia upande wa pili wa kambi wakageuza migongo. Ridhiwani alimpokea mtoto wake kwa mikono yake, akakata kitovu kwa wembe aliouchemsha, akakoka moto, akamkanda mkewe alfajiri na jioni, akamfunga tumbo kwa shuka lake la kulalia. Mwantumu aliporudi kijijini wanawake walimtazama tumbo wakashangaa. Lilikuwa limerudi vizuri kuliko yao waliokandwa na makungwi.

Mwantumu hakukaa sana duniani. Nasra alikuwa anaanza tu kusema sentensi nzima homa ilipomchukua mama yake, ndani ya boti, kabla hawajafika Nyamisati kutafuta gari la kwenda hospitali. Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa Mohoro, nina watoto wangu na shamba la mpunga. Nilikuja msibani, na matanga yalipoanuliwa nikafunga kanga kiunoni, nikamwambia Ridhiwani anipe mtoto niondoke naye. Ndivyo ilivyo, mtoto wa kike akifiwa na mama huenda kwa shangazi au kwa bibi, na baba hutafuta mke mwingine.

"Nasra haendi popote," akaniambia.

"Utamlea wewe? Kwa kipi ulichonacho?"

"Kwa hikihiki ulichokiona."

Nilirudi Mohoro mikono mitupu, nimekasirika mpaka namsema njiani kwa watu nisiowajua.

Basi akamlea. Alipika, akafua, akajifunza kusuka. Mwanzoni alimsuka twende kilioni, mistari ikaenda upande kama njia ya kaa, na mtoto akaenda chuo hivyohivyo kichwa juu kwa sababu kasukwa na baba. Ridhiwani akaenda kukaa barazani kwa Bi Mwanawetu, kungwi wa kijiji, akiomba afundishwe. Akawa anajizoeza usiku kwa milala ya kusukia mikeka, milala ikiisha anafumua anaanza upya. Nasra alipopata surua Ridhiwani alilala ameketi, mtoto kifuani, mpaka vipele vikakauka, na kuni za watu alizoahidi zikachelewa akatukanwa. Nilikuja kumtembelea mara moja nikamkuta anamkata mtoto kucha huku anamfundisha kuogelea kwa maneno, mguu hivi, mkono hivi, usiogope maji ila usiyadharau. Nasra alikuwa akimwita baba na mama kwa zamu, kama alivyojisikia siku hiyo. Nilicheka mwenyewe. Hasira zangu za msibani ziliishia pale.

Kisha Nasra akavunja ungo. Hapo hata Ridhiwani hana mlango wa kupitia. Wanawake walimchukua mtoto wakamweka ndani, Bi Mwanawetu akawa somo wake, na siku ya kumtoa nami nikaja kutoka Mohoro, ngoma ikapigwa. Ngomani, nani asiyejua, wanawake husema watakalo na hakuna wa kuwashitaki. Wakatunga wimbo wa mwanamume aliyejifungua mikokoni akanyonyesha kwa shoka. Wimbo ulichekesha, siwezi kukataa. Mwali mwenyewe alikuwa amekaa chini kichwa kimefunikwa kanga, na wenzake wakimpiga vikumbo: eti kakusuka nani, baba? Kakufundisha nani kuoga, baba?

Mtoto aliyetoka mle ndani hakuwa yule aliyeingia. Alhamisi iliyofuata Ridhiwani aliweka kigoda mlangoni, kitana na mafuta ya nazi, kama alivyozoea. Nasra akasema atakwenda kusukwa kwa jirani. Ridhiwani akasema sawa, nenda. Akakaa na kile kitana mkononi kwa muda, kisha akakiosha akakiweka ndani, na hakukitoa tena.

Nasra alipoolewa alikwenda Kibiti, kwa kijana anayeitwa Idrisa, fundi wa simu karibu na stendi. Kijana mzuri, ana heshima, mama yake Bi Sabra anauza vitenge sokoni. Harusi ilifanyika kwetu na Ridhiwani alimwozesha mwanawe vizuri, sauti haikutetemeka. Nasra akaondoka. Akawa anapiga simu Idi mpaka Idi, na akipiga anauliza maji yamejaa au yamekupwa, kama mtu anayetaka kusafiri. Hakusafiri.

Mume wangu alipofariki nilirudi kisiwani, nikajenga jirani na Ridhiwani, ndiyo maana mengine haya nimeyaona kwa macho yangu. Habari ya mimba ya Nasra ilipofika, mdogo wangu alibadilika. Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwao mama yake. Siku hizi manesi wanataka watu wazalie kituo cha afya na ni haki yao, lakini mzazi akitoka huko huletwa kwao, akandwe, anyweshwe uji, alazwe mpaka arobaini. Ridhiwani hakuwa na shaka kwamba Nasra atakuja. Atakwenda wapi kwingine? Alisuka upya kamba za kitanda. Alikata kuni za mkandaa, akazipanga ukutani zikauke, kwa sababu kuni mbichi zina moshi na mtoto mchanga hapendi moshi. Alimwagiza mtu wa Mohoro mchele mpya wa kusaga unga wa uji. Akatwanga pilipili manga na tangawizi, akaweka kwenye kopo akaliziba kwa kitambaa. Nilimwona akipita na mtungi mpya nikamuuliza kama anaoa. Alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu.

"Dada," akaniambia, "Nasra akija, wewe uhamie kwangu. Ukae mlangoni, watu wakuone unatoka unaingia na beseni. Kumkanda tumbo utamkanda wewe, nitakuelekeza nikiwa nje. Mambo mengine nitafanya mie. Watu wakiuliza, ni shangazi yake."

"Unanifanya pazia?"

"Mtoto anaona haya. Usimtie haya zaidi."

Nilikubali. Nani angekataa?

Ujumbe uliingia kwenye simu yake Jumatano, umetoka kwa Idrisa. Alinisomea mara tatu, na mara ya nne akanipa nisome mwenyewe. *Shikamoo baba. Nasra kajifungua salama mtoto wa kiume, alhamdulillah. Mzazi anakuja huko Ijumaa na boti ya mchana.*

Mzazi anakuja Ijumaa. Mwanamke aliyejifungua ni mzazi, hivyo ndivyo tunavyosema tangu mabibi, mzazi kala, mzazi kalala, mzazi asipigwe na upepo. Ridhiwani alikwenda msikitini akarudi, akakaa, akainuka tena. Jioni alichinja jogoo kwa ajili ya supu kisha akakumbuka kwamba Ijumaa bado, tukamla sisi. Alhamisi akatafuta mwingine. Ijumaa asubuhi akawasha moto, akabandika sufuria kubwa la maji, akapika uji wa mchele wenye tui na pilipili manga, akaonja, akanionjesha. Ulikuwa mtamu na mkali vilevile, ukishuka unahisi kifua kinafunguka. Mimi uji wangu huwa na mabuje, sitasema uongo.

Baada ya swala tukaenda bandarini. Huseni na wenzake walikuwapo. "Mama Nasra, leo umekuwa bibi!" akasema Huseni, na mara hii, nadhani, hakuwa na ubaya. Ridhiwani alikuwa amevaa kanzu, na mkononi kashika mwavuli wa kumkinga mzazi na jua. Boti ikafika. Wakashuka wafanyabiashara wawili, akashuka mzee mmoja na kuku, kisha akashuka mama mnene mwenye baibui na furushi, akishikwa mkono huku na huku asikanyage tope. Alikuwa Bi Sabra. Ridhiwani akamsalimu kwa heshima zote, akampokea furushi, na macho yake yakampita yakaenda ndani ya boti. Ndani ya boti mlikuwa na magunia.

"Karibu, mkwe. Na mzazi yuko wapi?" akauliza.

Bi Sabra akatazama nyuma yake, kama naye anatafuta. "Mzazi?" Kisha akapiga makofi akacheka mpaka baibui likamteleza. "Mzazi si ndiye mimi! Vijana wa siku hizi ndivyo wanavyosema. Mama ni mzazi, baba ni mzazi, hawajui kutaja mama. Idrisa huyo, kakuandikia mzazi anakuja? Nasra yuko Kibiti, kalala na mwanawe. Yuko salama!"

Ridhiwani alicheka pia. Nilimwona akicheka, na nikamwona akiufungua ule mwavuli akamkinga Bi Sabra, wakaanza kupanda njia. Mimi nilibaki nyuma kidogo nikijifanya kufunga kiatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Nyumbani tulimkaribisha kwenye kile kitanda, maana ndicho kilichokuwa kimetandikwa. Nikamletea uji, maana ndicho chakula kilichokuwa kimepikwa. Bi Sabra alikunywa bakuli la kwanza kimya, akaomba la pili. Ridhiwani alikuwa ameketi kizingitini, nusu ndani nusu nje. Mgeni akashika mkono wangu, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyebeba jambo kwa muda mrefu:

"Mwenzangu, nimekuja kwa ajili yako. Idrisa aliniambia nipige simu, nikasema hapana, hili si la simu. Nimekuja kukushukuru kwa ulezi."

"Ulezi gani?" nikauliza.

"Usijishushe. Nasra katuhadithia yote. Mama yake alipokufa, wewe shangazi ndiye uliyemchukua. Kasema ulikuwa ukimsuka kila Alhamisi, mwanzoni hujui, unajifunza kwa milala. Kasema alipougua surua ulilala umekaa, umemweka kifuani, mpaka akapona. Nasra akisimulia hayo mpaka machozi yanamtoka. Nikasema huyu mwanamke lazima nimfuate nimshukuru mwenyewe."

Nilimtazama Ridhiwani. Alikuwa anatazama uani, kwenye zile kuni zilizopangwa. Kila kitu kilikuwa cha kwake. Nasra hakusahau hata kimoja. Alikiokota kila kimoja akakipangusa, akanivika mimi. Moyo uliniuma kwa namna ambayo sikuijua, nikafungua mdomo nimwambie mama yule kwamba mimi nilikuwa Mohoro navuna mpunga, kwamba mtoto huyo nimemfuata nikanyimwa, kwamba aliyemlea ni huyo hapo mlangoni aliyevaa kanzu.

"Ndiyo," akasema Ridhiwani kabla sijatoa neno. Alisema bila kugeuka. "Dada yangu huyu kahangaika sana na mtoto yule. Mie nilikuwa mikokoni muda wote."

Nikafunga mdomo. Katika maisha yangu ulimi umewahi kunishinda mara nyingi, lakini siku ile niliuweza, na nilitamani nisiuweze.

"Sasa mbona hukumleta tumkande?" nikauliza, ili niseme chochote. "Mimba ya kwanza mtu hukandwa kwao."

Bi Sabra akashangaa. "Si mgongo wako, mwenzangu! Nasra kasema tangu mwaka jana mgongo umekushika, huwezi kuinama, huwezi kubeba hata ndoo. Mimi nilitaka kumleta. Nilimwambia, mwanangu, nikupeleke kwenu. Akalia, akasema kwetu sina tena wa kunikanda."

Dakika chache nyuma nilikuwa nimepita mbele yake na ndoo mbili za maji, moja kichwani moja mkononi. Akanitazama, nami nikashika kiuno, nikakunja uso, nikasema leo afadhali kidogo, ni dawa za Ridhiwani. Angalau hilo la dawa lilikuwa la kwake.

Kisha Bi Sabra akafungua furushi. Alitoa doti ya kanga, mpya, bado ina harufu ya duka. Siku ya harusi baba wa bibi harusi hupewa kilemba, na Ridhiwani alipewa chake. Mama hupewa mkaja, kwa jina la kile kitambaa alichofungwa tumboni siku alipomzaa huyo anayeolewa. Mkaja wa Nasra haukutolewa kwa kuwa mama hayupo, na sisi tuliona haya kuutaja. "Nimechelewa, lakini nimeuleta," akasema Bi Sabra. "Aliyelea ndiye aliyezaa. Upokee." Akanitandikia zile kanga magotini, akapiga vigelegele peke yake mle chumbani, na mimi nikasema ahsante. Ridhiwani naye akasema ahsante, Mungu akuzidishie.

Bi Sabra akampigia Nasra simu, akamwambia kwa furaha nimefika, nimeukabidhi, zungumza na shangazi yako. Akaweka spika ili tusikie vizuri, akanipa simu, akatoka uani kutawadha kwa Alasiri. Tukabaki sisi wawili na ile sauti.

"Shangazi?"

"Nakusikia."

"Baba yupo hapo?"

Nilimtazama Ridhiwani. Akatikisa kichwa, hapana.

"Kaenda bandarini," nikasema.

Nasra akaanza kulia. Nilikuwa nimemwandalia maneno, wallahi, maneno ya kumpasua, na nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuyatoa. Lakini hakuwa analia kwa majuto. Alikuwa analia kwa maumivu.

"Shangazi, nisamehe, nimekutia kwenye uongo wangu. Nitakueleza siku nyingine. Wananiunguza, shangazi. Mkandaji waliyemleta ananimwagia maji kama ananyonyoa kuku. Nikisema naumia wananiambia najidekeza. Tumbo gumu, miguu imejaa. Baba alikuwa ananihadithia alivyomkanda mama kule dago, nami nilikuwa naziba masikio, sitaki kusikia. Muulize anavyofanya, halafu unipigie. Lakini usimwambie ni mimi niliyeuliza."

Ridhiwani akainuka kizingitini. Akaja akapiga magoti mbele yangu, karibu na simu, bila sauti. Akachovya kiwiko kwenye maji ambayo hayakuwapo.

"Yajaribu maji kwa kiwiko," nikasema. "Si kwa kiganja. Kiganja cha mtu wa kazi ni kigumu, hakisemi kweli."

Hayo ya kiganja yalikuwa maneno yangu, lakini niliyasoma kwenye mikono yake. Akashika nyayo zake. Nikasema, anzia miguuni, asianze na tumbo. Akapandisha mikono taratibu kwenye vigimbi vya miguu, akabonyeza, akaachia, nami nikasema bonyeza, achia. Akaweka viganja viwili chini ya kitovu, akasubiri. Nikasema, asubiri upumue kwanza, ukitoa pumzi ndipo akande, akielekea juu. Akanionyesha kitambaa kikikamuliwa mara mbili. Nikasema, kikamuliwe mara mbili. Alikwenda hivyo mwili mzima, kwenye mwili wake mwenyewe, kifua kile cha kubebea boriti, na mimi nikisema nyuma yake tendo kwa tendo. Nasra aliacha kulia. Nilimsikia akirudia maelekezo kwa mtu aliye karibu naye, maji kwa kiwiko, miguu kwanza.

"Kumbe unajua, shangazi," akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia. "Nami nilimwambia kila mtu umenilea wewe. Labda Mungu kanisikia. Ahsante, mama."

Simu ikakatika. Ridhiwani alikuwa bado amepiga magoti, viganja viko tumboni.

"Nampigia tena," nikamwambia. "Nampigia sasa hivi nimwambie ni nani."

"Dada, mtoto anaumwa. Kapata alichotaka." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha uso wake ukavunjika, akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kwa sauti, kichwa chini, mabega yanaruka, sauti ambayo sikuisikia hata siku tulipomzika Mwantumu. Nikamshika kichwa, nikakiweka mapajani kwangu, juu ya zile kanga.

Uani maji ya kutawadha yakaacha kumwagika. "Mkwe!" Bi Sabra akaita. "Kulikoni huko? Nani analia?"

"Ni mimi," nikajibu. "Nimefurahi kwa mjukuu."

"Lia, mwenzangu, lia," akasema Bi Sabra. "Mama hana budi kulia."

Ridhiwani akauma mkono wa kanzu mpaka pumzi ikamrudi. Akainuka, akajifuta uso, akaenda kuinua kifuniko cha lile sufuria kubwa. Akachovya kiwiko. Akaniambia bado ni ya moto kiasi chake, nimpelekee mgeni akaoge kabla hayajapoa.